Usimwache mwenzako alale mlango ukiwa wazi

Leo kabla hujafungua Biblia, nakuomba umkumbuke mtu mmoja uliyezoea kumwona kanisani na sasa humwoni. Labda mliimba naye kwaya. Labda alikaa benchi la mbele yako kila ibada ya kwanza. Ni nani amekwenda kumjulia hali?

Kanisa la Thesalonike lilizaliwa katika taabu. Paulo alihubiri katika sinagogi la mji ule Sabato tatu, ghasia zikazuka, watu wakaivamia nyumba ya Yasoni, na ndugu wakawasafirisha Paulo na Sila usiku (Matendo 17:1-10). Wakabaki Wakristo wachanga waliochukiwa na watu wa mji wao. Kisha baadhi yao wakafariki, na waliobaki wakahuzunika kama watu ambao wapendwa wao wamepotea moja kwa moja.

Yapata mwaka 50, Paulo akawaandikia. Lakini kabla ya barua alikuwa amemtuma Timotheo awaimarishe, naye akakubali kubaki peke yake Athene (1 Wathesalonike 3:1-2). Hakuishia kusema, "Tunawaombea." Mtu alifunga safari.

Katika barua aliwapa ukweli wa kushika: Yesu alikufa akafufuka, na waliolala katika yeye watafufuka kwanza (4:13-18). Kisha akawaagiza wafarijiane wao kwa wao kwa habari hiyo. Kazi hiyo hakuwaachia viongozi peke yao.

Tazama pia 5:14. Wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliovunjika moyo watiwe moyo, wanyonge wasaidiwe, na wote wavumiliwe. Sisi mara nyingi tunakosea dawa. Aliyevunjika moyo tunamkaripia, "Siku hizi umepoa sana!" Mjane tunajaa kwake siku ya mazishi, lakini maturubai yakishafunguliwa na viti vya kukodi kurudishwa, hatumwoni tena mpaka tunapomdai ahadi ya jengo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo hili linahusu utayari wetu. Paulo anasema siku ya Bwana itakuja ghafla, tukeshe, na papo hapo anaagiza tutiane moyo na kujengana (5:1-11). Watu wa nyumba moja wenye safari ya basi la alfajiri huamshana. Aliyetangulia kuamka hasimami mlangoni kumcheka aliyelala, wala haondoki kimya kimya. Anagonga, na asipojibiwa anagonga tena.

Utauliza, mbona wanawali wenye busara hawakuwagawia wenzao mafuta (Mathayo 25:1-13)? Ni kweli, imani haiazimwi. Siwezi kuamini kwa niaba yako, wala wewe kutubu kwa niaba ya mwanao. Lakini wale watano walikwenda kutafuta mafuta usiku wa manane, saa zikiwa zimekwisha. Sisi bado tuna muda, na mwenzako bado anaweza kujaza taa yake. Ukinyamaza leo, kesho utamwambia nini?

Usidhani anayetia moyo hapati kitu. Timotheo aliporudi na habari njema, Paulo mwenyewe, katikati ya dhiki zake, alifarijika kwa imani ya wale aliowahofia (3:6-8). Yule unayekwenda kumwinua huenda ndiye atakayekuinua wewe.

Basi, kabla ya Jumapili ijayo, mwendee yule uliyemkumbuka. Usiende na orodha ya ibada alizokosa. Keti, msikilize, msome naye mistari michache, mwombe pamoja hapo hapo. Kama yuko mbali, mpigie simu.

Na kama aliyeacha kwenda ni wewe, usingoje mpaka uone umestahili. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini, "Nimechoka, niombee." Hiyo nayo ni imani. Mlango haujafungwa.

Ee Bwana, utusamehe kwa wale tuliowapita njiani. Utufanye macho kwa ajili yetu na kwa ajili ya wenzetu, hata siku utakapokuja. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.