Trekta limenikosanisha na mjomba!

MPENZI msomaji, wiki hii naomba tuachane kidogo na habari za mapenzi na mitindo. Nina la moyoni. Linahusu pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, na jinsi lilivyonikosanisha na mjomba wangu wa Ifakara.

Najua utaniuliza, "Wewe mtoto wa Magomeni, wewe na trekta wapi na wapi?" Subiri. Kijiweni kwetu tulikuwa washikaji wanne, tukajichanga, tukanunua pawatila iliyotumika. Ya dizeli, silinda moja, ile ya kupiga hendeli. Tukampelekea mjomba alimie watu mpunga kwa kukodisha, sisi tusubiri chetu mjini.

Msimu wa kwanza mambo yalikuwa shega. Julai mwaka juzi nilikwenda mwenyewe kusomba magunia ya mwisho kwa tela. Basi la kurudi Dar lilikuwa la alfajiri, nami nilikuwa hoi. Nikaiegesha chini ya mwembe wa bibi, udongo umegandamana kwenye meno, nikatupia kibegi begani, huyooo!

Desemba mvua zikashika. Mjomba akapiga simu: chombo hakiwaki, hendeli haizunguki hata robo, na tayari kapokea advansi za wakulima watatu. Weee, nilimwakia! Nikamwambia kaua mashine yetu kwa uzembe. Mzee wa watu akanyamaza, kisha akasema tu, "Haya mjomba, njoo na fundi."

Nikaenda. Fundi akafungua kichwa cha injini, akaniita nichungulie. Kutu tupu! Bomba la moshi liliachwa wazi likitazama juu, maji ya mvua yakashuka hadi kwenye silinda, pistoni na ringi zikanasa. Fundi akauliza, "Nani aliegesha hii kitu?" Mjomba akatazama pembeni. Hakunitaja. Nilitamani ardhi inimeze.

Matengenezo yalikula siku 11. Mjomba akarudisha advansi zote, na shamba la bibi likalimwa kwa jembe la mkono, nusu tu. Kabla ya kuondoka fundi alinipa darasa, nami nakugawia bure.

KABLA YA KUIPUMZISHA

Kwanza ioshe, ila usielekeze maji kwenye bomba la moshi wala chujio la hewa. Ikikauka, meno ya kulimia yapake grisi.

Pili, oili. Wengi tunabadilisha msimu ukianza, kumbe ibadilishwe unapoisha. Oili iliyotumika ina masizi na asidi, ikikaa miezi humo ndani inakula vyuma polepole. Washa injini ipate moto, zima, mwaga oili ingali moto itoke na uchafu wake. Weka mpya, washa dakika chache izunguke kote.

Tatu, jaza dizeli hadi juu. Tanki lenye nafasi lina hewa, na hewa hiyo ikipoa usiku inaacha matone ya maji. Maji kwenye pampu na nozeli ni sumu.

Nne, mwaga maji yote ya kupoza injini. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanayaogopa wakati wa baridi kali, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na yanaweza kuipasua injini. Usicheke, hata kwetu kule Kitulo, Makete, barafu huonekana asubuhi za Juni na Julai. Ifakara barafu hakuna, lakini kutu ipo. Ukishamwaga, funga karatasi kwenye mkono wa kushikia: HAINA MAJI. Siku ya kuwasha kila mtu ana haraka!

Tano, zungusha hendeli taratibu mpaka iwe nzito, iache hapo. Maana yake valvu zimefunga. Halafu legeza mikanda, iweke bandani, inyanyue juu ya magogo tairi zipumzike. Bomba la moshi livishe kopo. Kopo tu la maziwa lingeokoa msimu wetu!

MVUA IKINUKIA

Usingoje wingu litande ndipo ukimbilie spana. Wiki mbili kabla, toa kopo, fukuza panya waliojenga, safisha chujio la hewa. Fungua chini ya tanki utoe maji na mashapo. Rudisha maji ya kupoza, pima oili, kaza mikanda na nati, jaza tairi upepo.

Kisha bonyeza kile kidude cha kuachia pumzi ya injini, zungusha hendeli mara kama 20 bila kuwasha, oili ipande kwanza. Ndipo uwashe. Ikikohoa tu bila kushika, huenda njia ya dizeli ina hewa. Itoe.

Mjomba nilimwomba radhi mbele ya bibi. Akacheka, akasema mashine haijui nani mjomba nani mpwa. Julai mwaka jana tuliiosha pamoja. Desemba hendeli ya tatu tu, tuf-tuf-tuf! Shamba la kwanza kulimwa lilikuwa la bibi.

Basi na wewe uliyeacha chombo shamba, kabla hujamlaumu ndugu yako, jiulize: kopo uliliweka? Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi. Tchao!