Kabla ya Kukopa kwa Ajili ya Kahawa



Mwezi Februari 2025 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili. Tangu hapo vikundi vya wakulima vimekuwa vikituuliza: je, tukope tununue mashine ya kumenya kahawa mbivu na kupanua biashara? Swali hili ni zuri. Lakini mkopo ukishindikana, kinachopotea ni shamba lililowekwa dhamana na karo ya watoto. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jinsi soko hili linavyokwenda.

Jambo la kwanza: bei hatuipangi sisi. Julai 1975 jalidi iliunguza mikahawa mingi nchini Brazil, na mwaka 1977 ratili moja ikapita dola 3. Nchi zinazouza na zinazonunua zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Mgao huo ulivunjika Julai 1989. Vietnam nayo ikapanda mikahawa mingi hata ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Mwaka 2001 bei ikashuka chini ya senti 50 za dola. Mkulima wa Kilimanjaro hakuwa amekosea lolote shambani mwake, lakini hasara ilimfikia.

Jambo la pili: ipo kinga, ila ina mipaka. Vyama vya ushirika kama KNCU ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1933, vimeuza sehemu ya kahawa yao kwa utaratibu wa biashara ya haki wa Fairtrade. Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilipandishwa kutoka dola 1.40 hadi 1.80 kwa ratili. Juu yake kuna nyongeza ya senti 20, ambayo wanachama wenyewe huamua matumizi yake. Hata hivyo, si kila gunia hupata mnunuzi wa namna hiyo, na ukaguzi una gharama zake.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: hesabu iko mikononi mwetu. Tuchukue mfano. Inahitajika takriban kilo 6 za kahawa mbivu kupata kilo 1 ya kahawa safi. Kikundi kikinunua mbivu kwa Sh. 1,500 kwa kilo, tayari ni Sh. 9,000. Tuweke Sh. 3,000 za vibarua, usafiri, kukoboa na riba, jumla Sh. 12,000. Dola moja ikiwa Sh. 2,500, bei ya dola 4 kwa ratili ni karibu Sh. 22,000 kwa kilo. Hapo kuna faida. Bei ikishuka hadi dola 2, kilo hiyo ni Sh. 11,000, nanyi mna hasara ya Sh. 1,000 kwa kila kilo. Kumbukeni kwamba kahawa mbivu mnailipia leo, lakini itauzwa baada ya miezi kadhaa. Bei inaweza kushuka katikati, bali deni halishuki.

Kwa hiyo tunashauri kila kamati ipige hesabu kwa nusu ya bei ya siku hiyo. Kama mkopo bado unalipika, endeleeni. Kama haulipiki, anzeni na yale yasiyohitaji deni kubwa: kuchuma mbivu tupu, kumenya siku hiyohiyo, kuanika juu ya vichanja, na kuandika kila kilo na kila shilingi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni pia mahali lilipo kila shamba, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa ijulikane shamba ilikotoka, ijapokuwa kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mtazame mbali zaidi ya mashine. Mizani sahihi, kipimo cha unyevu na mafunzo ya mtunza hesabu havipigwi picha sana, lakini ndivyo vinavyokiwezesha kikundi kubaki hai mwaka ambao bei itaanguka.