Maumivu Makali ya Hedhi Yasipuuzwe

Je, dada wa Nyanchwa, mjini Kisii, hedhi hukulaza kitandani kila mwezi? Usikubali kuambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo. Huenda ni endometriosi, yaani utando kama ule wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake.

Watafiti wa Marekani waliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 112,000 kuanzia 1989 hadi 2017 waligundua kuwa hatari ya kiharusi ilizidi kwa asilimia 34 kwa wenye ugonjwa huo. Usiingiwe na hofu. Wengi wao hawakupatwa na kiharusi. Lakini usimeze dawa za maumivu kiholela, kwani baadhi yake hupandisha shinikizo la damu. Mwone daktari mapema, na upimwe shinikizo hilo pia.