Istilahi za Kutokwa na Mkojo na za Kutupa Mawinda Chooni

Wafasiri wengi wamezoea kudhani kwamba ugumu wa istilahi umo katika mitambo, sheria na sayansi. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba ugumu huo waweza kumsubiri mfasiri mlangoni mwa choo. Tumechukua mfano wa tangazo dogo la ukutani, la namna ambayo mtumishi wa afya katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti, aweza kutakiwa kulifasiri kesho. Tangazo hilo lawaeleza wanaume wasioweza kuzuia mkojo mahali pa kutupia nguo za kufyonza mkojo walizozivaa.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwanamume huweza kupoteza uwezo wa kuzuia mkojo kwa sababu ya kutanuka kwa tezi dume uzeeni, upasuaji wa tezi hiyo, kisukari, kiharusi au kuumia uti wa mgongo. Katika mwambao na mabonde yetu kichocho kilichokaa muda mrefu nacho huweza kukidhuru kibofu. Wapo wanaovujwa na mkojo wanapokohoa au kunyanyua mzigo. Wapo wanaoshikwa na haja ghafla wasiwahi kufika chooni. Na wapo ambao kibofu chao hakiishi mkojo, kikajaa na kufurika kidogo kidogo. Mara nyingi hali hizi hutibika au hupunguzwa. Lakini tiba huanza kwa kusema, na asiye na neno la kulisema tatizo lake bila aibu hukaa nalo nyumbani.

Neno lililo karibu na ulimi ni kikojozi. Hili hatulipendekezi, kwani humpa mtu jina la kosa, tena ni neno la kuwachekea watoto. Kitenzi kujikojolea nacho kina kasoro: kiambishi -ji- chamfanya mgonjwa kuwa mtenda, kana kwamba alikusudia. Kinyume chake ni kutokwa. Mtu hutokwa na jasho, hutokwa na machozi, hutokwa na damu, na hakuna amlaumuye. Kwa hiyo twapendekeza kutokwa na mkojo bila hiari kuwa jina la hali hii.

Na mtu mwenyewe aitweje? Hapa lugha ya mwambao ina hazina ya zamani. Wanavyuoni wa fikihi wamelizungumza jambo hili kwa karne nyingi bila dhihaka: ambaye mkojo haumkatiki huhesabiwa kuwa mwenye udhuru, hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha kila uingiapo wakati wa sala ya faradhi, kisha huswali. Yaani hakutengwa na jamaa. Neno mwenye udhuru lina maana pana, na halitoshi peke yake katika maandishi ya tiba. Lakini mwalimu wa afya akilitumia mbele ya wazee wa Kibiti, ataeleweka na hatamvunjia mtu heshima.

Sasa tuje kwenye nguo. Madukani husikika nepi, au jina la kampuni moja lililogeuzwa kuwa pampasi, na yote mawili humrudisha mzee utotoni. Taulo za kike ni istilahi iliyoenea Tanzania, lakini yamfungia mlango mwanamume kwa tamko lake lenyewe. Sodo nalo ni neno la hedhi. Twapendekeza winda. Winda ni nguo ipitishwayo katikati ya mapaja na kuchomekwa kiunoni. Mtoto mchanga hufungwa winda, ni kweli. Lakini mvuvi na mkulima nao walipiga winda ili wafanye kazi pasipo kuzuiwa na nguo. Neno hili basi halina umri wala jinsia, na kwa mwanamume lina kumbukumbu ya kazi. Inapohitajika kupambanua, isemwe winda la mtu mzima.

Chombo cha kutupia nacho chahitaji hadhari. Choo ni mahali, na choo ni kinyesi pia; hivyo pipa la choo au ndoo ya choo humkumbusha msomaji vyoo vya ndoo vya zamani. Iandikwe ndoo ya taka yenye kifuniko. Twasema taka, hatusemi uchafu, kwa sababu uchafu huweza kueleweka kuwa ni sifa ya mtu.

Mfasiri asifasiri maneno akaacha mazingira. Winda la dukani lina plastiki na unga unaofyonza maji mengi kuliko uzito wake na kuvimba. Likitupwa katika choo cha maji huziba bomba. Likitupwa katika choo cha shimo halio­zi, nalo shimo hujaa upesi. Katika delta ya Rufiji, ambako maji hupanda na kushuka kati ya mikoko, taka iliyotupwa ovyo haikai ilipotupwa. Tena matangazo ya kigeni husema taka ifungwe katika mfuko wa plastiki. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Karatasi yafaa zaidi.

Isidhaniwe kwamba upungufu huu ni wetu peke yetu. Nchini Uingereza mwongozo wa kanuni za mahali pa kazi za mwaka 1992 ulitaja njia ya kutupa taulo katika vyoo vya wanawake, ukanyamaza kuhusu wanaume. Katika miaka ya 2020 shirika la Prostate Cancer UK limekuwa likidai vyombo hivyo viwekwe katika vyoo vya wanaume pia. Kisichotajwa katika maandishi hakiwekwi chooni.

Kwa hiyo tangazo letu lingesomeka hivi:

KWA WANAUME WANAOVAA WINDA. Usitupe winda ndani ya choo. Likunje, lifunge kwa karatasi, ulitie katika ndoo ya taka iliyo humu ndani. Funika ndoo. Nawa mikono kwa sabuni. Ukitokwa na mkojo bila hiari, mwone tabibu: mara nyingi hali hii hutibika.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilizungumza na wanavijiji kwa redio na katika vikundi vya kujisomea, na vyoo vikachimbwa. Ilitumia maneno ambayo watu waliweza kuyatamka mbele ya jirani. Nasi twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya kwa kipimo hicho hicho. Mzee akiweza kuuliza, bila kuinamisha uso, ndoo ya mawinda iko wapi, istilahi itakuwa imefanya kazi yake.