MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: PICHA ZA VIDEO ZINAZOKATAA KUONEKANA KATIKA HIFADHI YA MTANDAONI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa picha ya video iliyowekwa katika hifadhi ya mtandaoni, ikakataa kuonekana pale inapofunguliwa, si lazima iwe imeharibika. Mara nyingi faili lenyewe ni zima, na kasoro iko njiani au katika chombo cha anayetazama. Maelezo haya yanatolewa ili kila mhusika aweze kutambua kasoro iko wapi kabla ya kuchukua hatua isiyoweza kurejeshwa nyuma, yaani kufuta nakala ya asili.

Jina la Mlandege linafahamika kwa kila mkaazi wa Mjini Unguja. Ipo hata hivyo Mlandege nyengine, ambayo ni kata katika Manispaa ya Iringa, Nyanda za Juu Kusini, karibu kilomita 500 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Iringa ni mji wa vyuo na biashara, na mtu wa Visiwani anaweza kuwa na mtoto au jamaa huko. Zamani mawasiliano ya aina hii yalikwenda kwa barua na kanda. Siku hizi hupelekwa kiungo tu, na anayekipokea hufungua video moja kwa moja kutoka hifadhini.

Tuchukue mfano. Familia ya Wete imemrekodi mzee wao kwa simu akieleza mipaka ya shamba la mikarafuu, mti kwa mti na jirani kwa jirani. Video hiyo ya dakika 10 inapakiwa katika hifadhi kama vile Google Drive, na kiungo kinapelekwa kwa mtoto aliyeko Mlandege ya Iringa. Mtoto anafungua, anaona kioo cheusi, anajibu kuwa video imeharibika. Kule Wete simu imejaa. Video inafutwa katika simu na hifadhini pia. Mzee akishafariki hakuna wa kurekodiwa tena, na siku mgogoro wa mpaka utakapozuka, maneno yake hayatapatikana. Hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa kupima mambo manne yafuatayo, kwa mpangilio wake.

1. Je, faili limefika lote?

Kupakia video ni kazi ndefu kuliko inavyodhaniwa. Simu ya iPhone inayorekodi kwa ubora wa 1080 na picha 30 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 60 kwa dakika katika mfumo mpya wa kubana picha, na takriban 130 katika mfumo wa zamani. Video ya dakika 10 basi ni megabaiti 600 au 1,300. Kwa njia yenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, megabaiti 600 huchukua dakika 20 kamili bila ya kukatika, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Mtumaji akitoka penye mtandao au simu ikizimika, kazi husimama. Aidha, programu ya Google Drive katika simu ina mpangilio unaoiamuru isubiri Wi-Fi. Ukiwa umewashwa, faili halipakiwi kwa bando la simu hata kidogo.

Kipimo chake ni chepesi. Mtumaji aangalie ukubwa wa faili lililo katika simu, kisha ukubwa wa lile lililo hifadhini. Ukubwa ukilingana, faili limefika. Lililo hifadhini likiwa dogo zaidi, lipakiwe tena.

2. Je, hifadhi imemaliza kuitayarisha video?

Ifahamike kuwa hifadhi haimwoneshi mtazamaji faili lile lile lililopakiwa. Hutengeneza kwanza nakala nyengine nyepesi, zenye viwango mbalimbali vya ubora, zinazofaa kutazamwa ndani ya kivinjari. Kazi hiyo huanza baada ya kupakia kwisha, na kwa video ndefu huweza kuchukua saa kadhaa. Katika muda huo mtazamaji huambiwa kuwa video bado inatayarishwa. Ujumbe huo hauna maana ya uharibifu, bali unamtaka mtu asubiri. Asiyeweza kusubiri na apakue faili lenyewe, kwani faili la asili huwa tayari kupakuliwa hata kama nakala za kutazamia hazijakamilika.

3. Je, njia ya mtandao inatosha?

Mtumaji na mpokeaji wanaweza kuwa wote ndani ya Tanzania, lakini faili likawa limetunzwa katika mitambo iliyo nje ya nchi. Kutoka huko hupita katika nyaya za chini ya bahari, kama ule wa SEACOM ulioanza huduma mwaka 2009 na ule wa EASSy ulioanza mwaka 2010, kisha likapanda bara hadi Nyanda za Juu. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa pamoja, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Aliyeshindwa kufungua video siku hiyo hakuwa na sababu ya kulilaumu faili lake.

Dalili ya njia dhaifu ni video kuanza, kusimama, kuonesha duara linalozunguka, kisha kuendelea. Mtazamaji ajaribu kufungua video nyengine kutoka pahala pengine. Nayo ikisitasita, kasoro ni ya njia. Tiba ni kupunguza ubora kwa kubonyeza alama ya gurudumu la meno iliyo chini ya picha, au kupakua faili usiku, wakati watumiaji wamepungua, na kulitazama baadaye bila ya mtandao.

4. Je, chombo na ruhusa viko sawa?

Dalili ya kusikia sauti huku kioo kikiwa cheusi mara nyingi inatokana na mfumo wa kubana picha. Simu nyingi mpya hurekodi kwa mfumo wa H.265, uliotolewa mwaka 2013, ambao hupunguza ukubwa wa faili. Kompyuta nyingi za zamani zinaujua mfumo wa H.264 tu, uliotolewa mwaka 2003. Sauti hufunguka, picha haifunguki. Faili hapo ni zima kabisa. Lipakuliwe na kufunguliwa kwa programu inayoufahamu mfumo mpya, kama vile VLC, ambayo hutolewa bure. Anayerekodi kwa iPhone kwa ajili ya watu wengi anaweza kubadilisha mpangilio wa kamera na kuchagua ule unaokubalika na vyombo vingi, akijua kuwa faili litakuwa kubwa zaidi.

Ikiwa kinachoonekana ni ujumbe wa kukataliwa kuingia, mtazamaji ahakikishe ametumia akaunti ile ile iliyopewa ruhusa. Mwenye akaunti mbili, ya kazi na ya nyumbani, hukosea hapa mara kwa mara. Ikiwa ruhusa ipo na video bado haionekani, afungue kiungo katika dirisha la faragha la kivinjari, ambako programu nyongeza kwa kawaida hazifanyi kazi. Akifanikiwa huko, kasoro iko katika kivinjari chake. Afute vidakuzi na kumbukumbu za muda, au azime nyongeza zinazozuia matangazo. Video iliyofunguliwa na watu wengi mno kwa muda mfupi nayo huweza kufungwa na hifadhi kwa muda. Hiyo hurejea yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja.

Kuhusu kufuta

Wananchi wanasisitiziwa mambo matatu. Kwanza, nakala ya asili isifutwe katika simu mpaka faili lililo hifadhini lipakuliwe katika chombo chengine na kutazamwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuona jina la faili katika orodha hakutoshi. Pili, faili lililofutwa Google Drive hukaa katika kapu la taka kwa siku 30, kisha huondolewa moja kwa moja. Aliyefuta kwa haraka anao muda huo tu wa kulirejesha. Tatu, mwenye faili akilifuta, wote aliowapelekea kiungo hulikosa. Hivyo basi mpokeaji wa jambo zito, kama maelezo ya mipaka, wasia au kumbukumbu ya familia, apakue nakala yake mwenyewe. Kiungo ni ruhusa ya kutazama cha mwenzio, na siku mwenzio akikiondoa huna kitu.

Kwa watumishi wa maofisi na walimu wa skuli, inashauriwa kuwa video ya mafunzo ipakiwe siku moja au mbili kabla ya kuhitajika, ifunguliwe kwanza katika kompyuta itakayotumika siku hiyo, na nakala yake iwekwe katika kifaa cha kubebea mkononi. Mtumishi anayeripoti tatizo aandike maneno kamili ya ujumbe aliouona, saa aliyouona, chombo alichotumia, na kama sauti ilisikika au haikusikika. Kwa taarifa hizo nne fundi ataweza kuonesha kasoro ilipo. Kwa neno "haifunguki" pekee hataweza.

Kwa ufupi, kwanza ulinganishwe ukubwa, pili isubiriwe video itayarishwe, tatu ipimwe njia, na nne kijaribiwe chombo chengine. Yakishindikana yote manne, nakala ya asili iendelee kubaki pale ilipo.