Mafuta ya Mvuvi wa Tungue na Kodi ya Barabara

Februari 1887 Wareno waliishambulia ghuba ya Tungue na kuitwaa kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar. Anayeshika ghuba hushika na forodha yake. Leo ghuba hiyo iko wilaya ya Palma, Msumbiji, na mzigo ninaoufikiria ni dumu la mafuta ya mvuvi.

Kodi ya mafuta hutetewa kwa hoja moja yenye nguvu: magari yanachakaza barabara, basi wenye magari wazitengeneze. Mashua haichakazi barabara yoyote. Uingereza iliijibu hoja hiyo kwa rangi. Dizeli ya trekta na ya vyombo vya uvuvi hutiwa wekundu, na Machi 2022 ushuru wake uliwekwa peni 10.18 kwa lita. Ya magari ililipiwa 52.95. Mwezi uliofuata wajenzi na wenye viwanda wengi waliondolewa katika nafuu hiyo, wakulima na wavuvi wakaachiwa. Nchini Marekani, anayekutwa na dizeli nyekundu katika tangi la lori barabarani hutozwa faini ya dola 1,000 au dola 10 kwa galoni, ipi iliyo kubwa.

Kwetu alama imewekwa upande wa pili. Mwaka 2010 Tanzania, kupitia mdhibiti wake wa nishati, EWURA, iliamuru vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, viwekwe katika mafuta yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani. Yanayopita kwenda Zambia au Kongo, na yale ya migodi yenye msamaha, hayakuwekewa. Kituo kikikutwa na mafuta yasiyo na vinasaba, mwenye kituo ana kesi. Msumbiji nayo ilianza kuweka alama 2018. Wekundu huonekana kwa jicho la askari yeyote. Vinasaba vinahitaji mashine na mpimaji. Pande zote mbili za mto Ruvuma, mpaka wa nchi hizi mbili, kila serikali ina alama yake, na dumu linalovuka kwa ngalawa usiku halipimwi na yeyote.

Pale upimaji uliposhindwa, aliyeumia ni maskini. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wachakachuaji wakayachanganya na dizeli. Bajeti ya Tanzania ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kenya ikafuata Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Udanganyifu ulipungua, lakini bei iliyoondoa tamaa ya mwenye lori ililipwa na mama mwenye kibatari na jiko la mafuta ya taa. Kwangu huo ni uamuzi mbaya: adhabu iliwafikia wasiochanganya kitu.

Kwa hiyo sishauri rangi iletwe Tungue kama ilivyo. Nafuu ya dizeli ingewafaa wenye meli kubwa na majenereta, kwa kuwa mashine nyingi zinazofungwa nyuma ya mashua ndogo hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Tena wilaya ya Palma, iliyoshambuliwa na waasi Machi 2021, watu wake wakatawanyika, haihitaji kizuizi kingine cha kumsimamisha mvuvi na kumkagulia dumu. Msumbiji tayari ina mabaraza ya uvuvi ya jamii, yanayojua nani ana chombo na nani anatoka baharini. Kodi irudishwe kupitia hayo, kwa kiasi maalumu kwa kila mashine iliyosajiliwa, petroli ikiwemo.