Mama, Je, Binti Yako Anaogopa Fizikia?

Mama gani wa Bariadi, Maswa au Meatu asiyefurahi binti yake anaposema, "Mama, nataka kuwa nesi"? Lakini binti huyo akifika sekondari na kuanza kulikimbia somo la fizikia, mara nyingi tunamfariji kwamba hilo ni somo la wavulana. Mpendwa msomaji, faraja hiyo ina gharama. Kusomea diploma ya uuguzi hapa nchini kunadai ufaulu wa kidato cha nne katika kemia, bayolojia na fizikia. Anayeiacha fizikia amejifungia mlango.

Sisi wauguzi tunaitumia kila siku. Chupa ya dripu hutundikwa juu ya mgonjwa ili maji yashuke kwa uzito wake. Ikiwekwa chini mno, damu hurudi kwenye mpira. Muuguzi aliyekariri tu "tundika juu" atakwama siku mambo yakienda kombo. Anayejua sababu atafikiri na kutengeneza.

Basi, mtoto atajifunzaje kufikiri ikiwa maabara ya shule haina vifaa vya kutosha? Siku hizi upo msaada. Mwaka 2002, Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alianzisha mradi uitwao PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mradi huu hutoa bure majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kompyuta au simu. Mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na mwalimu anaweza kuyapakua mjini akayatumia shuleni pasipo intaneti.

Chukua jaribio la umeme. Mwanafunzi huburuta betri, waya na taa kwenye kioo, akaviunganisha mpaka taa iwake. Akiongeza taa ya pili kwenye njia hiyo hiyo moja, mwanga wa kila taa hupungua. Akiipa kila taa njia yake, zote huwaka vizuri, na moja ikiungua nyingine haizimiki. Ndivyo taa za nyumbani zinavyounganishwa.

Lakini, mama, simu peke yake haifundishi. Mtoto akibonyeza ovyo, anacheza tu. Kaa naye, hata kama hukusoma fizikia, umwombe mambo matatu. Kwanza, akisie kitakachotokea. Pili, ajaribu. Tatu, akueleze kwa nini alikisia sawa au alikosea. Asicheke mtu akikosea.

Kicheko kimewahi kumkabili Mtanzania mwenzetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, aliweka kwenye jokofu maziwa ya moto yenye sukari ili atengeneze aiskrimu. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka, lakini Osborne alikwenda kulipima. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala katika jarida la kisayansi. Hadi leo wanasayansi duniani hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanabishana juu ya sababu zake.

Kama simu haipo, anza na mtungi. Muulize binti yako: kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, na vyote vimekaa kivuli kimoja? Mwache akisie. Kisha agusemguse ubavu wa mtungi, auone unyevu. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, hukauka kwa hewa na kuondoka na joto.

Akikuuliza usilolijua, usimnyamazishe. Mwambie, "Hata mimi sijui, mwanangu. Tujaribu tuone."